Stima ilipopotea katikati

Jumatano, Voi

Dada yangu Wakesho aliniruhusu kuweka mfumo wa Linux kwenye laptop yake, kando ya Windows, mradi tasnifu yake isiguswe. Nilipokuwa nikigawanya diski ili mifumo yote miwili ipate nafasi, stima ikapotea. Betri yake ilikufa zamani. Kioo kikawa cheusi.

"Mbona umenyamaza?" akauliza kutoka jikoni.

"Stima imepotea, dada. Kazi ilikuwa katikati."

Akaja, akakaa kando yangu, akakitazama kile kioo cheusi. Afadhali angenigombeza.

Stima iliporudi nikawasha. Windows ikajikagua kwa muda mrefu, nikadhani basi, kila kitu kimepotea… kisha ikafunguka. Tasnifu ilikuwepo yote.

Wakesho akalia. Ndipo akaniambia hana nakala nyingine, hata kwenye flash.

"Kesho umalizie hiyo Linux yako," akasema. Naogopa hata kuifungua hiyo laptop.