Mto Unahama, Usiuze Ndalu

Kwa Mama mpenzi, huko Ndalu,

Habari ya tangu nikuache? Mguu uliacha kuvimba? Mimi mzima, ila jua la huku Magadi halina adabu. Huko kwetu mnavaa sweta; huku hata shati ni mzigo.

Kazi bado ni ile ya kuchimbia watu wanaosoma mawe. Bonde hili lina nyufa ardhini, na ile mitetemeko mliyosikia kwa redio ilitoka upande huu. Tunachimba mtaro unaokata ufa mmoja, kwenda chini kimo cha mtu, kisha Madam, mkubwa wetu, anaingia na brashi kupangusa udongo. Siku ya kwanza nilicheka.

Wiki jana alitoa mawe ya mviringo chini kabisa, akaniuliza, "Simiyu, hii ilitoka wapi?"

"Mtoni, Madam. Kwetu mto Nzoia iko mingi."

"Na mto uko wapi?"

Nikatazama. Mto ulikuwa mbali kweli, umebanana na ukuta wa bonde. Akaniambia ardhi ya upande ule inashuka, kidogo kidogo na mara nyingine kwa kishindo, na maji yanafuata pale pameshuka. Hata vijito vinavyotoka juu ya ukuta vimepinda kufuata ufa. "Na bado inasonga," akasema, akaendelea kupangusa. Mimi nikakaa juu ya karai.

Mama, lile shamba nililomsifia ndugu yangu Wafula kwa simu wakati wa Pasaka liko hapo hapo, kati ya mto na ukuta. Nilimwambia udongo ni mweusi, maji karibu, tena mpaka ni mto kwa hivyo hakuna kesi na jirani. Si ndivyo tunavyonunua kwetu? Shamba likiishia mtoni, mtu analala usingizi, maana mto uko pale babu alipoukuta. Huku sivyo. Jumapili nilienda kuangalia. Mti ambao muuzaji alinionyesha kuwa kona ya shamba umeanguka majini, mizizi juu, na ni msimu mmoja tu wa mvua umepita.

Nilikosea, na aibu ninayo. Sasa nasikia Wafula amepata mtu wa kununua ekari yako ya Ndalu ili apate hilo shamba la huku, na mwisho wa mwezi mnaenda Kitale kwa wakili uweke kidole. Usiweke, Mama. Hiyo ndiyo ekari unayolima, na ndipo alipozikwa Baba.

Nisalimie shangazi wa Myanga anayeuza dagaa wa omena, na mjomba fundi wa baiskeli wa Webuye. Dada Nekesa mwambie blanketi lilifika, lakini huku nalikalia tu.

Wafula, ndugu yangu, najua ni wewe unayemsomea Mama barua hii. Kama umeruka pale niliposema asiweke kidole, rudi umsomee. Mimi nilikudanganya bila kujua, na hasira zako nastahili. Lakini wewe ukimficha, utakuwa unamdanganya ukijua.

Ni mimi mtoto wako,
Simiyu