Njia ya Kuingia kwa Mama

Githongo,
Jumapili, 9 Novemba 2025

Kwako dada Karwirwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, mimi na wote wa nyumba hii. Bega lako la kulia linaendeleaje? Mara ya mwisho tulipozungumza kwa simu ulisema linakuuma ukisukuma kiti siku nzima darasani, na daktari hapo Embu alikuwa amekupa dawa ya kuchua. Natumaini limepoa. Na wale watoto wako wa gredi ya nne, wameshajua kugawanya, au bado wanakutoa jasho?

Sisi tuko salama kwa kadiri. Mwaka huu kahawa imeiva yote kwa pamoja, na Kagwiria mke wangu anachuma kutwa mpaka vidole vinakuwa vyeusi. Mvua inanyesha kila alasiri. Mama anakula kidogo, uji zaidi ya vyakula vingine, lakini kichwa chake kiko sawa kabisa na kila Jumapili lazima aulize ni nani hakuonekana kanisani. Miguu ndiyo iliyokataa tangu mwezi wa pili, kama unavyojua. Utajiuliza mbona nakuandikia barua na simu ninayo. Nivumilie, utaelewa.

Mwezi wa nane sisi mafundi wa huku tuliitwa kwenye mafunzo ya siku tatu katika ukumbi wa kanisa. Shirika moja lilikuja kufundisha sheria ya watu wenye ulemavu na jinsi majengo yanavyotakiwa kuwa. Sitakudanganya, nilikwenda kwa sababu tuliambiwa asiye na cheti hatapata tena kazi za majengo ya umma. Mwalimu wetu alikuwa mama mmoja wa kwenu huko Embu, anaitwa Wamuyu, mjuzi wa ujenzi, naye anatumia kiti cha magurudumu kama wewe.

Ukumbi ule una ngazi mbili mlangoni. Mimi na fundi mwenzangu Mwongera tukakimbia kumwinua, tukidhani ndiyo heshima. Akashika magurudumu yake kwa mikono miwili.

"Mkinibeba leo, kesho nikirudi peke yangu nani atanibeba?" akatuuliza. "Leteni mbao."

Tulicheka kidogo, tukifikiri anatania. Hakuwa anatania. Somo la siku ya kwanza lilifanyika nje, kwenye upepo, sisi tukipima na kupigilia misumari mpaka njia ikawa sawa. Hapo ndipo nilipojifunza kipimo chenyewe: ukipanda inchi moja, uende mbele inchi kumi na mbili. Nimekuwa fundi miaka ishirini na minne, na sikuwa nimewahi kuulizwa hilo.

Baada ya mafunzo Wamuyu hakutuacha. Alikuwa akimtembelea kila fundi kazini kwake aone anavyofanya. Mimi nilikuwa nimepewa kazi ya kuweka rampu, ile njia ya mteremko badala ya ngazi, kwenye zahanati moja ndogo hapa karibu, na nilikuwa nimeimaliza haraka, laini kama kioo, nikajisifu kwa kila mtu. Mlango uko juu futi mbili, na rampu yangu ilikuwa na urefu wa futi nane. Alipofika akaipanda. Katikati magurudumu ya mbele yakainuka, kiti kikaanza kurudi nyuma. Nilimdaka dakika ya mwisho, Karwirwa. Hakunigombeza. Alinipa tepu akaniambia nipime kwa sauti ili nisikie mwenyewe. Kisha akasema sheria haikutaka tu kionekane kitu cha simiti pale mlangoni, ilitaka mtu afike ndani.

Tuliivunja. Ile mpya ina futi ishirini na nne, ina mahali pa kupumzika katikati, na vyuma vya kushika pande zote mbili. Wamuyu alirudi mara nne kuikagua, na siku nyingine alinielekeza kwa simu. Ilipokauka, mtu wa kwanza kuipanda alikuwa Oscar, yule aliyekatwa mguu baada ya ajali ya pikipiki. Muuguzi alikuwa akitoka kumfunga kidonda uani, mbele ya watu na kuku. Siku hiyo aliingia mwenyewe na magongo yake, akapanga foleni kwenye dirisha la dawa, na haikupita dakika tano akaanza kulalamika kwamba foleni haisongi. Watu wakacheka. Mimi nilitoka nje nikaketi juu ya mfuko wa simiti.

Wamuyu akanifuata. Akaniuliza kwangu mlango uko vipi. Nikamwambia nina dada anayetumia kiti, na kwangu kuna ngazi tatu, kwa sababu shamba letu lina mteremko. Akauliza kutoka mlangoni hadi kwenye kahawa kuna futi ngapi. Nikasema zaidi ya ishirini. Akasema rampu ya ngazi tatu inatosha hapo.

Dada, mwaka wa 2016, tulipobomoa nyumba ya mzee na mimi kuanza kujenga hii, ulinipigia simu ukaniomba mlango uwe chini. Nilikujibu kwamba ardhi hairuhusu. Nilikudanganya. Ningechimba kidogo upande wa juu, sakafu ingelingana na uwanja, na nilijua hivyo siku nilipofunga uzi wa kwanza wa kupimia msingi. Zile ngazi tatu nilizijenga makusudi, ili usiweze kurudi kukaa hapa.

Sababu ni ya zamani, na naona aibu kuiandika. Unakumbuka nilivyokuwa nikikubeba mgongoni kwenda shule, wewe umeshika mifuko yetu miwili. Wavulana waliniita punda. Siku tulipoanguka pale mtoni ukavunjika jino, mzee alinichapa bila kuuliza kama kulikuwa na utelezi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Ulipopelekwa shule ya bweni nililia mbele ya watu wote, lakini ndani yangu nilikuwa na furaha. Nilipokuwa najenga, nikiwa mtu mzima mwenye watoto, niliwaza kwamba siku ukistaafu utarudi nyumbani na mgongo wangu utakuwa kazini tena. Sikukumbuka kwamba hukuwahi kuomba kubebwa. Ulikuwa unawaambia wakubwa watengeneze ile njia ya mtoni, na hakuna aliyekusikiliza.

Siku ya kubariki nyumba ulikula ukiwa chini ya hema, sahani mapajani, ukasema ndani kuna joto. Mama akatoka kukaa nawe. Mimi niliona, nikaendelea kugawa soda. Na mwezi wa nne ulipokuja kumwona, ukaongea naye kupitia dirisha mpaka mvua ikakufukuza. Ulikataa nikuinue, na mimi nikasema una kiburi. Neno hilo linanirudia kila siku.

Nilimwambia Mama kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameangalia ukuta. Nilipomwomba akueleze yeye, alikataa. Alisema hatanisemea, na nisitumie simu, kwa kuwa anavyonijua nitaikata nikisikia umenyamaza.

Ngazi nilizivunja wiki tatu zilizopita. Sasa kuna rampu ya futi kumi na nane, mlango nimeupanua, na kizingiti nimekiondoa. Ilibidi nig'oe mikahawa miwili ili kiti kipate mahali pa kugeukia chini yake. Alhamisi Wamuyu alikuja akaijaribu, akaingia hadi kitandani kwa Mama na kugeuka. Kabati lilimzuia kidogo, nimelihamisha. Choo bado hakijawa sawa, nitakianza kesho, nami sitaki ukute nimekuficha hilo.

Sikuombi unisamehe kwa sababu ya simiti. Wala sikuambii uje lini. Ukija na hutaki kuniona, mpigie Kagwiria simu, nami nitashinda shambani. Hakuna atakayekugusa. Kwa kuwa hujawahi kuingia, nikuelekeze: ukishapita mlango, chumba cha Mama ni cha kwanza, mkono wa kulia.

Kagwiria na watoto wanakusalimu. Mama anasema ana mengi ya kukuambia ambayo hayakufaa kusemwa dirishani. Wasalimie walimu wenzako, na Mungu akulinde.

Mimi mdogo wako,
Kaimenyi