Saki ya Komando haikuguswa

Jumatano. Mvua imekatika, lakini milima bado imejifunika, na mto unanguruma nyuma ya nyumba. Nimeanika magodoro. Roho yangu ndiyo haijakauka.

Sikusoma sana, mnisamehe maandishi. Kuna jambo nimelibeba na nyumbani sina wa kumwambia.

Huku kwetu Mulongwe, majira ya mvua yakianza, kila mama anafunga saki, mifuko ya kukimbilia mto ukifurika. Nami nilifunga. Ya watoto: sweta, viatu, karatasi zao za kuzaliwa ndani ya plastiki. Ya Koko, mama ya bwana yangu: blanketi na dawa yake ya tansio, ile presha ya damu. Hata Komando, mbwa wetu, nilimfungia yake: kamba, sahani, unga wa muhogo na ndagala, dagaa wakavu. Binti yangu Riziki alicheka sana. "Mama, Komando naye ni mkimbizi?"

Saki hatuziweki nyumbani. Tunazilaza kwa rafiki anayekaa juu mlimani, ili mto ukija tubebe watu tu. Mimi nililaza kwa Mama Neema, kule Songo. Tumeuza samaki pamoja, tumebebeana watoto. Sikuwaza mara mbili.

Jana mto ulikuja.

Tulipanda mikono mitupu, Koko mgongoni mwa bwana yangu, Komando mbele. Watoto walitetemeka. Nikawaambia vumilieni, nguo kavu ziko kwa Mama Neema.

Aliyetufungulia mlango ni Neema, binti yake. Amevaa sweta ya Riziki.

Ndani, blanketi ya Koko iko kwenye kitanda chao. Saki zimelala bapa, zimebaki karatasi za watoto tu. Nikamuuliza Mama Neema, na dawa?

"Baba yangu alizidiwa, nikamupatia. Mama Riziki, usiniangalie vile! Bintu bilikaa tu bure. Miye nilisema nitarudisha mbele ya mvua."

"Na weye, nani alikuambia mvua inatumaga barua?"

Nilitaka kuendelea. Lakini Koko alikuwa ameegemea ukuta, kizunguzungu kimemshika, akanivuta kitenge. "Nyamaza, mwanangu. Tuko kwa watu."

Nikamketisha Koko chini. Paa lilikuwa la Mama Neema.

Saki moja tu haikuguswa, ya Komando. Nani afungue saki ya mbwa? Jioni tulisonga ugali wa unga wake, tukapika ndagala zake, tukala wote, na watoto wa Mama Neema pia, maana sufuria ni moja. Mama Neema naye alikula. Akasifu chumvi.

Komando alilamba sahani.

Asubuhi maji yalipungua, tukashuka. Koko amepata dawa kwenye kituo cha afya, sasa amelala, na mimi kila mara naenda kusikiliza kama anapumua. Mchana Neema alileta sweta, imefuliwa, bado inachuruzika. Mtoto hana kosa, nikampa ndizi. Mama yake hakuja.

Ningekuwa na mtu mwingine kule juu, nisingemsalimia tena. Sina. Mto ukirudi, mlango ni ule ule.

Kwa hiyo nafunga upya. Saki moja tu, ya Komando. Nusu ya dawa ya Koko iko chini kabisa, chini ya unga, na karatasi za watoto pembeni yake. Sahani ya mbwa nimeiweka juu.

Kesho nitaipeleka Songo. Nitamwambia Mama Neema ni chakula cha mbwa tu. Sijui kama nitaweza kumwangalia machoni nikisema hivyo.