Mchele Ule Ulikuwa Salamu

Iringa,
Jumapili, baada ya misa.

Mdogo wangu Veneranda,

Hujambo wewe? Mama hajambo? Mguu wa bibi umepungua kuvimba, au bado anaubishia kama kawaida yake? Mimi mzima. Nakula, nalala, nasoma, na ukimsikia mtu hapo Kibaoni anasema vingine, mwambie apande basi aje aniangalie mwenyewe. Baridi ya huku ndiyo tatizo langu pekee, na hiyo nimeshaizoea kwa kuvaa soksi hadi kitandani.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu ya nyumbani ni ya baba, na baba akiongea na simu hata mbuzi wa jirani wanajua tumezungumza nini. Bahasha nitampa kondakta wa basi la Mpanda, atamwachia kaka Deus pale mashineni anapokoboa mpunga. Soma zote peke yako kwanza. Karatasi ya mwisho, ile niliyoikunja mbali, msomee baba mama akiwepo. Usiruke mstari hata mmoja, maana najua ukiogopa unavyomeza maneno.

Alhamisi mama alinipigia kwa simu ya jirani, anaongea chini chini kama mtu aliyeiba kuku. Ndipo nikajua mambo matatu kwa mpigo. Kwamba umechaguliwa chuo hiki hiki changu, na hakuna aliyeniambia. Kwamba baba amevichukua vyeti vyako vya kidato cha nne na cha sita akavifungia kwenye lile sanduku la bati. Na kwamba sababu ni mimi.

Yule mwenzetu wa Magamba anayesoma huku alikuja likizo, akasimulia kwamba Skola wa mzee Anselmo alikamatwa akimhonga mwalimu kwa mchele. Jumapili moja habari ikamfikia baba akiwa bado yuko uwanjani pa kanisa, yeye mwenyekiti wa kigango, mtu anayerudisha hata msumari aliouazima. Mama anasema hakula siku hiyo. Akasema mtoto mmoja kuitwa mtoa rushwa kunatosha, wa pili atabaki alime.

Sasa nisikilize. Usajili unafungwa baada ya wiki mbili. Hapa bila vyeti halisi hakuna anayekusikiliza, hata ulie. Ukichelewa, nafasi yako inakwenda kwa mwingine na wewe unabaki unamenya mihogo huku ukisikia redioni wenzako wamefungua chuo. Sitaki. Nimekasirika na sifichi, na aliyenikasirisha zaidi si baba, ni huyo aliyesimulia nusu ya habari na nusu nyingine akaiacha Iringa.

Habari nzima nitakupa. Lakini kwanza nikuambie ya kukusaidia, kwa sababu naandika nikijua unakuja.

Siku ya kwanza utashushwa stendi na mizigo yako, na watatokea watu wenye tabasamu pana wanaojua kila kitu. Watakuonyesha ofisi, watakubebea begi, watakuambia kuna utaratibu wa haraka. Usimpe mtu vyeti vyako hata kama amevaa kitambulisho shingoni. Nami nitakuwepo stendi, kwa hiyo hao wasikusumbue. Njoo na blanketi mbili. Njoo na sweta, usicheke, njoo na sweta. Ndoo usinunue, ninayo.

Darasani mtakuwa wengi kuliko watu wa misa ya Pasaka. Mwalimu hatakujua jina, na usipofika hatakuuliza. Hiyo ndiyo iliyonidanganya mimi mwaka wa kwanza, nikadhani ni uhuru. Wenzako watakuambia usihangaike na vitabu, kuna madesa, yaani karatasi za waliopita zinazozunguka kutoka mwaka hadi mwaka na makosa yake yote. Yasome ukitaka kujua mtihani unavyouliza, ila usiyakariri. Kuna rafiki yangu aliyakariri akapata supu, ndivyo tunavyoita mtihani wa kurudia, na supu ya pili ikamfanya adisko, yaani arudishwe kwao. Kazi za kikundi nazo, utawekwa na watu sita na mtafanya wawili. Jina la asiyefanya usiliandike. Watakuita mshamba na mwenye roho mbaya. Wakuite tu.

Na ukisimama mbele ya darasa kuwasilisha, watacheka unavyoongea, kwa sababu sisi tunaongea Kiswahili kilichopita kwanza kwenye Kipimbwe. Mimi walinicheka nikakaa chini na sentensi mkononi. Wewe usikae. Wakicheka, ngoja wamalize, halafu anza upya ulipoishia. Kicheko cha watu wengi hakidumu hata dakika, nimekipima.

Sasa mchele.

Matokeo ya muhula wa kwanza yalipotoka, somo la takwimu langu halikuwa na alama. Si kwamba nilifeli, palikuwa peupe tu. Majaribio mawili niliyoyafanya hayakuonekana popote. Wakaniambia nenda kwa mwalimu. Nikampigia baba simu kumuuliza, kwa sababu sikuwahi kwenda kwa mkubwa yeyote peke yangu kupeleka shida. Unajua jibu lake, umekulia nyumba hiyo hiyo. Alisema nisiende mikono mitupu, nipime mchele kidogo katika ule alionipakilia, nimpelekee mwalimu na kumwambia baba anakusalimu.

Nikafanya hivyo. Nikaupepeta hadi usiwe na chuya hata moja, nikautia kwenye mfuko wa kitambaa alioshona mama. Nilipofika ofisini palikuwa na foleni hadi koridoni. Zamu yangu ilipofika nikapiga goti mlangoni, mfuko nimeushika kwa mikono miwili kama tunavyompa padre sadaka. Nikasema, shikamoo mwalimu, baba anakusalimu, nina shida ya alama.

Vene, kwetu hayo ni maneno matatu ya adabu. Pale yalikuwa maneno matatu ya kesi.

Mwalimu alisimama. Alisema kwa sauti ya kusikika hadi nje, "Wewe binti, unataka kuninunua kwa mchele?" Koridoni wakaangua kicheko. Akaniambia niondoke kabla hajaniandikia barua ya nidhamu. Niliondoka na mfuko wangu, kabla ya jioni chuo kizima kilikuwa kinaniita Mchele. Hapo ndipo mtu wa Magamba alipoachia hadithi yake.

Hii ndiyo nusu aliyoiacha. Nilijifungia. Wiki tatu sikwenda darasani, sikwenda ofisini, nikaamua bora nirudie somo zima mwakani kuliko kuuona mlango ule tena. Mchele wote niliusukuma chini ya kitanda, nyuma kabisa, kama kitu cha wizi. Nilikuwa nakunywa uji asubuhi na chai jioni huku chakula cha nyumbani kwetu kiko chini ya mgongo wangu. Nilipokuja likizo mkaona nimekonda, mkadhani ni masomo.

Zuhura ndiye aliyenitoa. Ni binti wa Tanga niliyelala naye chumba kimoja bwenini, mdomo wake hauna breki. Siku moja anafagia akauvuta ule mfuko, akauliza huu ni nini. Nikamweleza nikilia. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sasa umeuficha wa nini? Mchele si bangi." Akatoa jiko lake la umeme, ambalo bwenini ni marufuku na sote tunayo, akaupika hapo hapo.

Unaujua mchele wa shamba la bondeni unavyonukia. Harufu ilitoka chini ya mlango ikafika mwisho wa korido. Wakaanza kugonga. Wa kwanza kugonga alikuwa dada mmoja niliyemuona kwa macho yangu siku ile kwenye foleni, anacheka ameshika mbavu. Alikuja na sahani. Zuhura akaniangalia, nikamwambia mpakulie. Alipomaliza aliuliza kama kuna ukoko.

Kesho yake nilikwenda ofisini kwa mwalimu. Safari hii sikubeba kitu ila karatasi zangu mbili za majaribio, alizosahihisha mwenyewe kwa kalamu nyekundu, nilizokuwa nimezitunza chini ya godoro. Na hili ulishike kuliko yote: karatasi yoyote yenye alama yako usiitupe mpaka uvae joho. Nilisimama. Sikupiga goti. Nikamwambia:

"Mwalimu, mchele ule ulikuwa salamu. Alama ni hizi hapa, ni zangu, nimezifanyia kazi."

Alizitazama muda mrefu, mbele na nyuma. Akafungua daftari lake, akatafuta, akafunga. Alama zetu watu kadhaa zilikuwa zimerekodiwa kwenye orodha ya darasa jingine. Akaandika fomu, akasaini, akanielekeza ofisi ya mitihani. Hakuniomba radhi, na mimi sikumwomba. Nikiwa mlangoni akaniuliza natoka wapi. Nikasema Kibaoni, Katavi. Wiki mbili baadaye alama zikaonekana, na takwimu nimefaulu bila supu, bila kurudia. Hayo yote huyo wa Magamba anayajua, maana naye alikuja na sahani.

Simtetei mwalimu, lakini sikudanganyi pia. Nimekaa huku miaka miwili sasa, nimeona wanaoingia ofisini na bahasha. Yeye alikuwa ameshaletewa mengi yasiyo salamu, hakuweza kutofautisha. Kwa hiyo sheria yangu kwako ni hii: mtu mwenye alama zako mkononi usimpe hata karanga. Asiye na alama zako, mpe chochote roho yako inachopenda. Na mlango wa ofisi unagonga mwenyewe, hutumi mtu, huji na jina la baba. Unakuja na lako.

Chumba kipo. Mimi na Zuhura tumepanga nje ya chuo, dirisha linafunga vizuri, na tumeshakuwekea nafasi ya godoro. Usimwambie mtu kwamba utaomba kuahirisha mwaka. Anayeahirisha kwa sababu ya maneno ya watu, watu hao hao mwakani watakuwa na maneno mapya.

Sasa fungua ile karatasi nyingine, na wewe usome kwa sauti.

*

Baba, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa nimepiga goti kwa adabu, kwa sababu ni wewe. Huku simpigii tena mtu yeyote goti ofisini, lakini nikifika nyumbani nitapiga kwako, kwa mama na kwa bibi kama ulivyonifundisha, na hilo hakuna chuo kitakachonitoa.

Veneranda ameshasoma habari nzima, akusimulie. Sikuhonga, baba. Mchele unaosemwa ni ule ule ulioniambia nimpelekee mwalimu; nilipeleka salamu zako mahali ambapo salamu hazijulikani. Nimeumia miezi mingi peke yangu, na kosa langu ni moja tu, kwamba sikukuambia. Niliona aibu juu ya kitu ambacho hakina aibu. Nakuomba wewe usilirudie kosa langu kwa mwanao wa pili.

Tangu nizaliwe sijawahi kukukatalia jambo. Hili nakukatalia. Vene habaki. Vyeti vile amevipata kwa kusoma na kibatari, wewe mwenyewe ulikuwa unamnunulia mafuta ya taa. Kama jina letu limechafuka hapo kanisani, halisafishwi kwa kumfungia mtoto, linasafishwa akirudi na joho mbele ya watu wale wale. Na kama hutafungua, nitakuja mimi, nitakaa juu ya sanduku hilo mbele ya kigango chote mpaka uchoke kuniangalia. Unajua nina kichwa kigumu, na unajua nimekitoa kwa nani.

Waliocheka siku ile, baba, wameula mchele wako wakauliza kama kuna mwingine. Zuhura kila wiki ananiuliza mzee wa Kibaoni atavuna lini.

Kwa hiyo fungua sanduku. Mpe vyeti mkononi. Kisha nenda ghalani umjazie gunia la mchele, ulishone mwenyewe kwa uzi ule mgumu, maana wa Deus unafumuka njiani. Akifika nao hatampelekea mtu. Tutaupika, tutafungua mlango, na atakayekuja na sahani atakula.

Nisalimie mama, mwambie mfuko wake wa kitambaa ninao, naufua kila Jumamosi. Bibi nisalimie sana, asikanyage maji ya jaruba la mpunga na mguu ule. Kaka Deus asante kwa kutunza bahasha, na asiifungue siku nyingine, najua ameifungua. Mama mdogo wa Magamba mwambieni nampenda, na amwambie jirani yake yule msimuliaji kwamba sahani yake bado ipo kwetu, aje aichukue.

Basi la Jumatano nitalisubiri stendi tangu asubuhi.

Ni mimi binti yako Skolastika, ambaye huku wananiita Mchele, na naitika.