Chakula Tulichowapikia Wabelgiji

Mjukuu wangu Kabula,

Marahaba, mama. Mimi sijambo, na mpunga wa hapa Ushirombo umeshika vizuri. Unauliza kama mhadhiri wenu ameandika kweli, kwamba Wabelgiji walipoiteka nchi hii kutoka kwa Wajerumani wazee wetu waliwakaribisha kwa chakula badala ya kupigana.

Nilikuwa mtoto. Askari wao walimfunga baba kamba mtini, wakamwambia mama, "Pika!" Alipika huku analia. Walipokwisha kula wakamfungua baba. Majirani walimwita mama msaliti mpaka alipokufa.

Mhadhiri alipokuja nilimsimulia yote, nikitaka mama aeleweke. Aliandika chakula, kamba akaiacha. Sasa watu wamenikasirikia, wanasema nimewaaibisha wazee wao wote; hakuna anayebisha hodi kwangu. Likizo ikifika, njoo uketi nami.

Ni mimi bibi yako.