Oili ya Wanaume

Shemeji Ganzorig, bingwa wa magari wa Ulaanbaatar,

Mbuzi hawajambo, ngamia naye hajambo. Unakumbuka fundi wetu alivyotaka oili nyepesi kwenye difu na transfa za gari letu, zile gia zinazozungusha magurudumu, kwa ajili ya baridi? Ukamcheka: "Hiyo kakaangie maandazi. Wanaume wanaweka nzito." Kaka yako akakusikiliza wewe.

Sasa imeganda kama mafuta ya kondoo. Juzi kifua kilipombana mama yenu, injini iliwaka lakini magurudumu yakagoma kuzunguka. Kaka yako akawasha moto wa samadi kavu chini ya difu ili oili iyeyuke, akapuliza asubuhi nzima. Mwishowe tukampandisha mama kwenye ngamia. Hospitali tulifika na maiti.

Kopo la oili nzito lililobaki nimekutunzia. Mazishi ni Alhamisi. Njoo ulichukue, mwanaume wetu.

Mke wa kaka yako,
Oyunbileg