Maji ya samaki ya Baba Mumbere

Siku ya Mungu, 27 mwezi wa ine 2003

Nilibadilisha maji ya samaki mbele ya kwenda ku misa. Maji ya robine, ile ya bomba, inakaa kwanza inje siku mbili mu mabeseni, wazi, ipigwe jua, dawa ya kloro itoke. Kiisha naimwanga na kikombe, pole pole. Si na ndoo. Baba Mumbere aliniachia mafundisho mingi kupita padri.

Niliosha mchanga. Niliosha makaa ya kuchujia. Nilifika ku misa wakati ya mahubiri, mikono inanuka ziwa.

Baba Mumbere, bwana yangu, ni chofere ya lori. Zamani alifika Mombasa, akaona mu hoteli moja sanduku kubwa ya kioo, maji ya bahari ndani, samaki za rangi zote, na mawe yenye inaishi, inajifungua na kujifunga. Tangu siku ile hakupona. Bunia haina bahari. Basi alikata vioo, akabandika na mastiki, akateremuka Kasenyi kuleta samaki ndogo ndogo za ziwa mu bidoni, pamoja na mawe na makonokono. Akaweka yote mu salo yangu, pahali kabati yangu ya sahani ilikuwa. Siye tuligombana mwezi muzima.

Alienda Aru, karibu na mupaka, mbele ya Pasaka. Kuchukua sukari na mabati. Na pompe ya hewa, ya nguvu, yenye inauzwa upande ya Uganda. Alisema juma moja tu. Hajarudi.

Siku ya tatu, 30 mwezi wa ine

Nilienda parking kuuliza machofere. Hakuna lori inatoka Aru. Barabara imefungwa kule Mahagi, wengine wanasema hapa hapa karibu. Kila mutu na yake. Nilirudi na vumbi tu.

Batri yenye inatembeza pompe ya zamani inazimika. Jirani yenye alikuwa anatuchajia alifunga grupe yake ya umeme, akapakia familia, akakimbilia Komanda. Alisema nimufuate, niendelee mpaka Butembo kwa mutoto yetu Mumbere, yenye anasoma kule. Nilikataa. Nilimuambia sitaacha nyumba. Uongo. Sitaacha samaki.

Niandike wazi, hakuna mutu anasoma: minaamini kama samaki zinaishi, Baba Mumbere anaishi. Ni upumbavu. Minajua ni upumbavu. Asubuhi nikiamuka, hata uso sijanawa, minaenda kwanza ku kioo.

Posho, siku ya sita, 3 mwezi wa tano

Batri ilikufa kabisa jana. Samaki zikapanda juu kutafuta hewa. Nilichota maji na kikombe, nikaimwanga kutoka juu, nikachota tena, mpaka mukono ukakataa.

Leo nilifikiri. Kuna mupira ya ndani ya tairi ya lori, nyuma ya nyumba. Na pompe ya velo, ile ya baiskeli. Nilienda dispansere, sista akanipa tiyo ya serumu iliyotumika, kamrija yenye iko na kagurudumu ya kupunguza dawa isishuke mbio. Nilifunga tiyo ku mupira na kamba ya mpira, mwisho ingine nikazamisha chini ya mawe. Nikajaza mupira hewa mpaka ikavimba. Nikafungua kagurudumu kidogo.

Mapovu ilipanda. Moja moja, halafu mingi. Inafanya kazi muzuri kupita ile pompe yake. Nilicheka peke yangu mu salo. Fundi ni miye sasa. Akirudi nitamuonyesha, nimuambie: unaona, ulienda Aru bure.

Samaki mama moja, ile ya majivu majivu, hakuli. Taya imevimba. Baba Mumbere alinifundisha: anabeba watoto yake mu kinywa. Atakaa bila kula mpaka wakomae. Ukimutisha, anaweza kuwatema, ao kuwameza. Nilifunika kioo na kitenge upande ya barabara.

Siku ya ine, 8 mwezi wa tano

Askari ya Uganda, wenye walikuwa wanashika muji, walishaenda. Masasi inalia tangu jana. Niko mu kuluwari, chini, kati ya kuta mbili. Minaogopa. Minaogopa sana.

Ikitulia kidogo, minatambaa mpaka salo, minapompa mupira, minarudi. Vioo ya madirisha imevunjika. Ile ya samaki iko.

Mama samaki bado amefunga kinywa.

Siku ya pili, 13 mwezi wa tano

Kuna wageni. Mama Neema, mwanamuke ya kule Nizi, na binti yake Neema, mudogo, bado meno ya maziwa. Walilala mu porini, wakafika na sufuria moja na blanketi. Walikaa ku baraza yangu. Nilifungua mulango. Ningefanya nini?

Mutoto akaona samaki, akasimama pale, kinywa wazi. Mama yake aliangalia samaki, kiisha aliangalia miye. Nilisikia haya. Watu wanalala ku uwanja wa ndege chini ya mashitingi ya plastiki, miye napompa hewa ya samaki. Nilisema ni ya bwana yangu. Hakuuliza zaidi, na miye sikumuuliza bwana yake iko wapi. Hapa mutu haulizi.

Robine haitoi tena. Minachota mutoni, minaacha mabeseni inje vile vile, tope ishuke na jua iipashe. Majirani wenye wamebakia wananicheka. Wacheke.

Posho, 17 mwezi wa tano

Vijana wa bunduki waliingia. Watatu. Walipindua kila kitu. Mama Neema na mutoto walikuwa wamejificha mu jiko, nyuma ya makaa. Moja akauliza kabila yangu. Nilisema Munande ya Butembo, kabila yenye haimo mu vita yao. Alitafakari.

Mukubwa wao aliinama mbele ya kioo, bunduki inaning'inia, anafuata samaki moja na kidole. Alikaa vile muda murefu. Aliuliza kama zinaliwa. Nilisema ziko chungu. Aliuliza mwenye nyumba iko wapi, nilisema Aru. Akasema njia ya Aru imekwisha.

Walibeba radio na matela ya kitanda. Wakaenda. Nilikaa chini mu salo mpaka Mama Neema alikuja kuniinua.

Siku ya tano, 23 mwezi wa tano

Neema aliharisha siku tatu. Maji tu. Tulimunywesha maji ya chumvi na sukari na kijiko, Mama Neema usiku, miye muchana. Mu kambi ya uwanja wa ndege wanasema ni kolera, watu wanakufa. Leo mutoto alikula uji, akaomba ingine. Mungu iko.

Pale wazungu wa misaada wanagawanya maji, mutu anasimama na bomba ya sindano, anatia kloro mu bidoni ya kila mutu. Mama Neema aliomba na kachupa ya nyumbani, wakamupa. Sasa anatia kloro kila pahali. Hata sahani zinanuka. Minamutania, minamuambia siku moja atatutia na siye.

Mwanamuke moja ku foleni ya maji alisema lori ilichomwa moto njia ya Mahagi. Ya rangi gani, sijui. Ya bwana yangu ni buluu. Nilirudi mbio, nikahesabu samaki kama mwenda wazimu. Zote ziko. Basi yeye iko. Niliandika tayari ni upumbavu, sitaandika tena.

Siku ya kwanza, 26 mwezi wa tano

Zote zimekufa.

Asubuhi nilibadilisha maji kama kawaida. Harufu ya dawa niliisikia, nikafikiri ni mikono yangu, maana Bunia nzima siku hizi inanuka kloro. Nilimwanga na kikombe, pole pole, kama alivyonifundisha. Pole pole, miye mwenyewe.

Zilianza kukimbia kimbia, kugonga kioo. Kiisha zikapanda juu, matamvua yao ikawa nyekundu. Nilitoa maji, nikakimbia mutoni, nikarudi na bidoni, nikamwanga yote bila kikombe. Ilikuwa imechelewa. Mama samaki alifungua kinywa, watoto wakatoka, wadogo kama mbegu za lengalenga, wakazunguka zunguka karibu yake. Mbele ya saa sita hakuna kitu kilikuwa kinatembea.

Ni Mama Neema. Alitia kloro mu mabeseni. Nilimutukana. Nilimuambia nilimupa nyumba, akaniulia bwana. Nilimuambia asante ya punda ni teke. Alisimama pale, anakamata mutoto yake mukono. Alisema kitu moja tu:

"Mama Mumbere, nilikuta Neema anachota mu beseni, anakunywa. Njo ile ilimugonjwesha. Sikujua ni ya samaki."

Siku ya pili, 27 mwezi wa tano

Nilizika samaki chini ya mandizi. Sisemi na mutu. Sina bwana.

Siku ya ine, 29 mwezi wa tano

Mama Neema alikuwa amefunga blanketi yake na sufuria. Alitaka kwenda kambini. Wahenga wanasema mugeni siku ya tatu umupe jembe. Huyu tangu siku ya kwanza anafagia, anateka, anapika, na miye namufukuza juu ya samaki.

Nilimuambia akae. Alikaa ku baraza, miye pembeni. Kiisha nilimuambia yote, juu ya kioo, juu ya Aru, juu ya kuamuka kila asubuhi kuangalia. Nilingoja anicheke. Hakucheka. Aliangalia mikono yake.

"Miye sikuwa na samaki ya kuangalia," alisema. "Bwana yangu alitoka asubuhi kuchimba dhahabu kama siku zote. Nilikuwa nimemuwekea chakula. Walimuua, na chakula ilikuwa bado ya moto."

Hakulia. Miye nililia, nikasikia haya kulia, na mwenye kufiwa hajalia. Ni miye nilikuwa mupumbavu wa kweli. Samaki haziwezi kuzuia mutu asife. Basi haziwezi kumuua vile vile.

Jioni niliomba musamaha. Alisema imekwisha.

Posho, 31 mwezi wa tano

Tulisafisha kioo siye wawili. Mawe inje, mchanga inje, makonokono Neema alichukua kuchezea. Tulisugua na majivu, tukasuuza, tukasuuza tena. Fundi wa mbao alitupimia kifuniko. Ile tiyo ya serumu niliifunga chini, sasa inatoa maji, si hewa, ukifungua kagurudumu.

Tukajaza maji ya kunywa. Mama Neema alitia kloro yake, anahesabu matone na midomo, kama anasali. Maji inaonekana safi kabisa. Inashika bidoni mingi kupita mupipa wa jirani. Watoto wa avenyu walianza kuja na vikombe. Nilipiga makelele juu ya matope ku salo. Wanakuja tu.

Nyumba iko kimya bila mapovu. Hii ndiyo inaniuma, kupita nilivyodhani.

Siku ya tano, 6 mwezi wa sita

Leo nilipita mbele ya kioo asubuhi bila kuangalia. Nilikumbuka nikiwa mu jiko, niko nawasha moto. Nilirudi, nikasimama. Maji tu, na uso yangu.

Sijui kama Baba Mumbere iko. Ni mara ya kwanza naandika vile. Sijui. Zamani nilikuwa na jibu kila asubuhi, jibu ya uongo lakini jibu. Sasa nateka maji, napika sombe, nashona nguo ya Neema, na sijui. Ni ngumu kupita masasi.

Nilimukasirikia leo pia. Pompe. Mutu anaenda kupita njia ile juu ya pompe ya samaki. Kama amekufa, alikufa juu ya mapovu. Niligonga sufuria chini, Mama Neema akatoka kuangalia, akarudi ndani. Anaanza kunijua.

Siku ya Mungu, 15 mwezi wa sita

Masasi imepungua. Askari wapya wa kigeni wanapita mu mitaa na magari yao. Soko ilifunguka, kidogo.

Baada ya misa mwanamuke moja alifika ku parsele, ku nyumba yetu, anauliza Mama Mumbere. Ni mufanyabiashara wa Aru, alipitia Uganda, akavuka ziwa mpaka Kasenyi. Nilifikiri anataka maji, nikamuonyesha kioo. Alisema hapana, iko na habari ya bwana yangu. Nilishika mulango.

Iko muzima. Lori waliichukua, si kuchoma, kuchukua. Mguu yake moja ilivunjika, anatembea na fimbo. Iko kwa ndugu wa kanisa, upande ule wa mupaka. Njia ikifunguka atakuja.

Mama Neema alikuwa nyuma yangu. Alinishika bega, akaingia ndani kutengeneza chai.

Nilimuuliza mwanamuke: alikupa neno gani? Alisema alimupa moja tu. Anasema pompe aliipata, iko nayo, anailalia chini ya kichwa wasimuibie. Na anauliza samaki ziko namna gani.

Hakuuliza juu yangu. Ala, huyu mutu. Nilicheka, nikakaa ku ngazi, nikacheka mpaka machozi ikatoka, na haikuwa ya kucheka tena. Mwanamuke alingoja. Alisema kesho kutwa anarudi kule, nimupe jibu.

Nilifikiri sana. Nilitaka kutia mambo mingi. Mupira, vijana wa bunduki, mama samaki, Mama Neema. Kiisha nilimuambia:

"Umuambie samaki zilikufa zote. Umuambie miye niko."

Aliniomba nirudilie, asisahau. Nikarudilia.